Injini ya mvuke kutoka jiwe la mizani: shajara ya karakana ya uani, Tororo, Uganda

Jumamosi, 11 Januari

Mashine imefika salama. Tuliishusha kwenye pikapu watu wanne, tukaisukuma juu ya mabomba mawili ya maji hadi ndani ya chumba cha uani ambacho zamani kilikuwa banda la kuku. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Mke wangu alisimama mlangoni na tochi, na kila bomba la nyuma lilipoachwa alituambia tulirudishe mbele.

Ni Myford ML7, kerezo dogo (mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga) lililokuwa likitengenezwa Beeston, karibu na mji wa Nottingham, Uingereza, kuanzia miaka ya 1940 baada ya vita. Senta yake, yaani mstari ambao chuma huzunguka juu yake, iko inchi 3½ juu ya kitanda, ule msingi mrefu ambao kisu huteleza juu yake. Hiyo ni milimita 89 hivi. Injini ndogo nyingi sana zimezaliwa kwenye mashine za aina hii, katika vibanda vya nyuma ya nyumba, na mpaka leo wapenzi wa kazi hii wanazitafuta. Yangu nimeinunua Mbale kwa familia ya fundi saa aliyefariki. Imekaa bila kazi miaka mingi. Kitanda kina kutu ya juu juu, mkanda umekauka ukapasuka, na mpini wa kuingiza kisu unazunguka robo nzima kabla kisu hakijatikisika.

Ninachotaka kujenga ni injini ya mvuke ya kulala: silinda moja yenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, mwendo wa pistoni milimita 30, vali ya kuteleza ubavuni, flaiwili (gurudumu zito la kutuliza mzunguko) ya milimita 110. Vyuma vyote vitoke kwenye vitu vilivyotupwa. Nitanunua skrubu tu.

Babu yangu alikuwa mtia moto kwenye treni za mvuke. Kiswahili tunachosema nyumbani ni cha reli. Kilikuja Tororo na watu wa reli, nasi tukakirithi pamoja na masanduku yao ya spana. Njia ya kwenda Soroti ilifunguliwa kutoka hapa mwaka 1929, ile kuu ikafika Kampala mwaka 1931. Nimekua nikisimuliwa jinsi injini zilivyokuwa zikipumua pale stesheni. Reli yetu ina upana wa mita moja. Ukiigawa kwa 22.5 unapata karibu milimita 45, na huo ni upana wa reli za modeli unaojulikana dunia nzima. Kwa hiyo treni ninayo kichwani tayari. Ila siwezi kujenga treni kabla sijaweza kujenga silinda moja inayozunguka yenyewe.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima ni kusafisha. Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, na msasa laini uliolowa mafuta kwa ajili ya kitanda, tena kwa mkono mwepesi. Kitanda ndicho kinachokiongoza kisu. Ukikikwangua kwa pupa unaondoa unyoofu ambao hapa nyumbani huna njia ya kuurudisha.

Nilipoushika mhimili mkuu, ule unaozungusha chuma, na kuuinua kwa mti wa jembe, geji ya mshale ilionyesha unacheza milimita 0.08. Hiyo ni nyingi mno. Beringi za ML7 ni za madini meupe laini, nusu ya chini na kifuniko cha juu, na katikati yao mna vibati vilivyogandishwa tabaka kwa tabaka. Beringi ikiisha kidogo unabandua tabaka moja kila upande, kifuniko kinashuka, mchezo unapungua. Waliobuni jambo hili walimfikiria mtu aliye mbali na duka la vipuri, na nawashukuru kwa dhati. Nimebandua tabaka moja kila upande kwa wembe. Sasa mchezo ni 0.03 na mhimili unazunguka kwa vidole viwili. Vikombe vya kudondoshea mafuta nimevijaza mafuta mepesi ya haidroliki namba 32. Matone yakikauka hapo, madini meupe yanaungua, kwa hiyo nimeandika kwa chokaa ukutani: MAFUTA KWANZA.

Jumamosi, 1 Februari

Hii ndiyo sehemu iliyonila muda kuliko zote, na naiandika kwa urefu kwa sababu wengi wanairuka.

Mashine niliiweka kwanza juu ya meza ya mvule. Meza nzuri, nzito, miguu minene. Nikaifunga kwa bolti, nikaikereza fimbo moja, nayo ikatoka nene upande mmoja. Nikarudia, ikatoka vilevile. Hapo mtu hushawishika kulaumu kisu au mashine yenyewe. Ukweli ni kwamba kitanda cha chuma chenye urefu wa chini ya mita moja kinaonekana kigumu kama reli, lakini ukikifunga juu ya ubao ambao haukunyooka, kinajisokota. Jicho halioni. Kisu kinaona.

Kwa hiyo nimeiondoa meza ya mvule na kumimina bamba la zege la unene wa sentimita 12 lenye nondo ndani, juu ya nguzo mbili za matofali. Nimeliacha siku kumi likiwa na magunia yaliyoloweshwa. Leo asubuhi mashine imepanda juu yake, na jaribio likaanza.

Nilishika chuma cha mviringo cha milimita 25 kwenye kishikio, upande wa pili ukiwa huru, bila senta. Nikakichonga katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na kishikio, nyingine milimita 120 kuelekea mkiani, yaani mwisho wa mashine ulio mbali na kishikio. Kisha kisu kikapita pete zote mbili kwa mkato mmoja mwembamba, mpini wa kina usiguswe kabisa kati ya pete na pete. Maikromita ikasema: pete ya karibu 24.10, pete ya mbali 24.18.

Pete ya mbali ikiwa nene, maana yake kisu kinakikimbia chuma kadiri kinavyokwenda mkiani. Dawa yake ni kuinua mguu wa mbele wa upande wa mkiani, ili kitanda kijisokote kurudi na kisu kiusogelee mhimili. Nilikata vipande vya kopo la soda. Maikromita inasema kila kimoja kina unene wa milimita 0.10. Nikalegeza bolti, nikaingiza kimoja, nikakaza, nikakereza upya. Tofauti ikashuka kutoka 0.08 hadi 0.04. Nikaingiza cha pili. Pete ya karibu 23.61, pete ya mbali 23.61. Nilipima mara tano, nikamwita binti yangu wa darasa la sita apime yeye bila kumwambia natafuta nini. Akasoma, akanitazama: "Baba, ni sawasawa zote."

Nimepiga hesabu ya kile ningekipata kama ningeendelea na meza ya mvule. Tofauti ya 0.08 kwa milimita 120 ni kama 0.03 kwa silinda yenye urefu wa milimita 46. Pistoni inayobana vizuri upande mmoja ingevujisha mvuke upande wa pili, nami ningebaki nikibadilisha pistoni mwaka mzima huku kosa liko chini ya mguu wa mashine.

Jumamosi, 8 Februari

Mota ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Kapasita ya kuanzishia imekufa. Mpya nimeipata kwa fundi wa pampu za maji. Sasa inawaka, ila saa mbili usiku mita inaonyesha volti 190 badala ya 240, na mota inapata joto. Nitafanya kazi alfajiri.

Jumapili, 16 Februari

Silinda itatoka kwenye jiwe la mizani. Ni jiwe la kilo 10, chuma cha kusubu, la enzi za maghala ya pamba. Mashariki hii ilikuwa nchi ya pamba, na mawe haya bado yanaokotwa kwa wauza vyuma chakavu, maana mizani ya sasa ni ya betri. Fundi wa kuchomelea mageti alinikatia vipande viwili kwa grainda. Kipande cha tatu kilifichua kitu: ndani ya jiwe kulikuwa na tundu lililojazwa risasi. Watengenezaji waliacha tundu hilo makusudi, wakaongeza au kupunguza risasi mpaka uzito ukatimia. Ningekereza bila kuangalia ningeikuta risasi katikati ya ukuta wa silinda.

Chuma cha kusubu kina ngozi ngumu yenye mchanga wa kalibu. Ukipitisha kisu juu juu, ncha inaisha kabla hujamaliza mzunguko. Inabidi mkato wa kwanza uzame chini ya ngozi mara moja, milimita moja na nusu au zaidi, mwendo wa pole. Niliweka gia ya nyuma, ile ya kupunguza mwendo, mizunguko 110 kwa dakika. Sauti ilikuwa kama mtu anayekwaruza sufuria iliyoungua. Halafu ngozi ikaisha, sauti ikabadilika ikawa laini, na badala ya nyuzi ndefu kama za chuma cha kawaida ikaanza kushuka unga mweusi. Unga huo una grafaiti. Unapaka mikono kama penseli, na chuma hiki hakitaki mafuta ya kukatia. Nimefunika kitanda kwa gazeti, maana unga ukichanganyika na mafuta ya kitanda unakuwa msasa.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na tofali dogo la 36 kwa 36 kwa 46, pande zote zikiwa mraba.

Jumapili, 2 Machi

Silinda ya kwanza imeharibika.

Nilikuwa nimeshaitoboa na kuipanua hadi milimita 19.9, imebaki kusuguliwa tu. Milango ya mvuke nilishaichonga ubavuni: miwili ya nje upana wa milimita 2, wa kutolea katikati milimita 4, na kuta za 2.5 kati yao. Kilichobaki ni njia za kuuunganisha kila mlango na mwisho wake wa silinda: matundu matatu ya milimita 2 kila upande, yaliyoinama, yanayoanzia ukingoni mwa silinda na kutokea ndani ya mlango, kina cha milimita 17 hivi. Ukuta kati ya tundu na silinda ni mwembamba.

Upande wa kwanza matundu yote matatu yalitoka sawa. Upande wa pili, tundu la tano, biti iligusa ukingo, ikateleza kidogo, ikaingia. Nilihisi mkononi. Ilikuwa saa kumi na mbili unusu jioni, taa imeanza kufifia, nami nilitaka kumaliza. Nikaendelea. Ilipofika kama milimita 9 mzigo ukapotea ghafla, biti ikazama yenyewe, na nilipochungulia ndani ya silinda kwa tochi niliona ncha inang'aa katikati ya ukuta niliokuwa nimeusafisha siku tatu.

Nimezima mashine, nimepaka mafuta, nimefunga mlango.

Jumamosi, 15 Machi

Ramadhani. Baada ya daku, saa kumi na moja alfajiri, umeme una nguvu na mtaa umetulia. Ndio wakati bora wa kazi niliowahi kuupata.

Jirani yetu mzee mmoja alikuwa fita, fundi wa kuunganisha mashine, kwenye karakana ya reli. Nilimpelekea silinda iliyoharibika baada ya futari. Hakuuliza habari ya injini. Alilichukua tofali, akaliinamisha kwenye taa, akapitisha ukucha kwenye mdomo wa tundu la tano.

"Ulianzia kwenye kona."

"Ndiyo, Mzee. Tundu linainama, kwa hiyo lazima lianzie ukingoni."

"Linainama, lakini biti haijui. Biti ikigusa kwa shavu moja inakwenda kwa shavu lile. Chukua tupa kwanza. Kata kona, upate uso unaoitazama biti moja kwa moja. Upana wa milimita tatu unatosha. Halafu ipe chuma cha kuiongoza."

Akaniomba biti niliyotumia. Akaishika mbele ya miwani, akaniuliza niliinoa kwa nini. Nilisema kwa jiwe la grainda, kwa mkono. Akanionyesha: mdomo mmoja mrefu kuliko mwenzake, tofauti ya unywele. Biti ya namna hiyo hutoboa tundu kubwa kuliko yenyewe na huvuta upande.

Nimefanya kama alivyosema. Kipande cha pili cha jiwe la mizani kimekuwa tofali la pili. Kona nimezikata kwa tupa. Nimechonga kipande cha chuma chenye tundu la milimita 2 kwa pembe ninayoitaka, nikakifunga kwenye tofali kwa kibano, biti inapita humo kwanza. Biti mpya. Natoboa milimita moja, naitoa, napuliza unga, narudi. Tundu moja linachukua kama dakika kumi na tano. Matundu sita, asubuhi mbili. Yote sita yametokea ndani ya mlango. Nilisukuma waya wa breki ya baiskeli kwenye kila moja, nikauona unatoka upande wa pili, nikampelekea Mzee salamu kwa mjukuu wake.

Jumapili, 30 Machi

Silinda imefika kipimo. Sina geji ya kupima ndani ya tundu, kwa hiyo nilikereza kigingi chenye ngazi tatu: 19.98, 20.00, 20.02. Nilipanua kwa mizunguko 200, na mwishoni nikapitisha kisu mara tatu bila kuongeza kina, kwa sababu kisu kirefu cha ndani hupinda kidogo na huacha kitu nyuma. Halafu kijiti cha mti kilichopasuliwa, kikapakwa dawa ya kusagia vali ya gereji, mbele nyuma kwa mkono. Ngazi ya 20.00 inaingia kutoka pande zote mbili kwa kusukumwa na kidole. Ya 20.02 haiingii popote. Vipande viwili vya kopo la soda vimelipa.

Nimeosha silinda kwa mafuta ya taa mara nne. Dawa ile ikibaki ndani itaendelea kusaga.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Kitanda kilishika kutu usiku mmoja tu nilipokiacha bila mafuta. Sasa nakifunika kwa shuka kuukuu lililolowa mafuta ya injini.

Flaiwili imepatikana kwenye mashine ya kusagia posho. Mwenye mashine alikuwa na puli ya chuma cha kusubu iliyovunjika ukingo. Alinipa bure nilipomweleza ni ya nini, kisha akanifuata nyumbani kuhakikisha. Niliikereza kwa mizunguko 62, nikauondoa mfereji wa mkanda pamoja na sehemu iliyovunjika, nikabaki na milimita 110 na uzito mzuri. Ikizunguka, ukingo unayumba 0.03 tu.

Mhimili wa krenki, ule unaozungushwa na pistoni, unatoka kwenye printa iliyokufa. Fimbo zile ambazo kichwa cha wino huteleza juu yake ni chuma bora sana: zimesagwa sawasawa, hii ina 7.99 mwanzo hadi mwisho. Kampala zimejaa kwa wanaobomoa vifaa vya ofisi. Anayeanza kazi hii asinunue chuma kabla hajazitafuta hizo.

Jumapili, 27 Aprili

Pistoni imekamilika, ya shaba njano, na mfereji mmoja uliojazwa utambi wa taa wa pamba uliolowa mafuta mazito. Mhimili wa krenki umepata bushi pande zote mbili. Vali ya kuteleza nimeichonga kutoka kwa kiwiliwili cha bomba kuukuu la maji, nikaisugua juu ya kioo chenye msasa mpaka masizi ya taa yaliyochanganywa na mafuta yakashika uso wake wote, si madoa madoa.

Vali ni kipande kidogo, lakini akili yote ya injini imo humo. Ina urefu wa milimita 14. Ikisimama katikati, kila upande unaupita mlango wa mvuke kwa nusu milimita. Uvungu wake una milimita 9, unaunganisha mlango mmoja na ule wa kutolea kwa zamu. Ili mlango ufunguke wote, vali inasafiri milimita 2.5 kila upande: nusu ya kuvuka ule ukingo, mbili za kufungua mlango. Basi esentriki, kile kisahani cha kwenye mhimili kinachoisukuma vali, nayo imechongwa nje ya senta kwa 2.5. Na kwa sababu ya ile nusu milimita, esentriki haitangulii krenki kwa digrii 90 kamili bali kwa 90 na nyingine kama 11 na nusu, ili pistoni ikifika mwisho mlango uwe ndio kwanza unaanza kufunguka.

Nilikata vali ya karatasi na milango ya karatasi, nikaviteleza mezani usiku kucha kabla ya kugusa shaba. Naona ni usiku nilioutumia vizuri kuliko mwingi.

Jumamosi, 10 Mei

Imezunguka.

Nilianza kwa pampu ya baiskeli, binti yangu akipampu. Flaiwili ilisogea nusu mzunguko ikasimama. Tena. Nusu, ikasimama. Nilipaka maji ya sabuni: mapovu kwenye kifuniko cha nyuma. Nikakata gasketi mpya ya karatasi ya daftari iliyopakwa mafuta, nikakaza skrubu sita kwa kupishana.

Saa nne nikaibeba kwenye beseni hadi kwa fundi wa panja kando ya barabara ya Malaba, mwenye kompresa. Tukaweka shinikizo la baa mbili. Nikafungua polepole. Ikakohoa, ikatema mafuta meusi kwenye shati langu, ikapita sehemu ngumu ya juu, ikapita ya chini, halafu ikashika. Watu wa bodaboda walizima pikipiki zao kusikiliza. Mlio wake ni mfupi na mkavu, pu-pu, pu-pu, kila mzunguko mara mbili, maana upepo unasukuma pistoni kwenda na kurudi.

Ilikuwa inazunguka kinyume na mshale nilioupaka kwenye msingi. Nilijua sababu kabla sijaifungua: esentriki niliifunga nyuma ya krenki badala ya mbele yake. Injini ya namna hii haisimami kwa kosa hilo, inageuka tu na kwenda upande mwingine, na treni za babu zilikuwa zikirudi nyuma kwa kanuni hiyohiyo. Nililegeza skrubu, nikaigeuza, nikaifunga, ikaufuata mshale. Fundi wa panja alikataa pesa ya upepo. Tukaipunguza upepo mpaka ikawa inazunguka pole kiasi cha kuhesabika kwa alama ya chokaa: mizunguko 96 kwa dakika, bila kusimama.

Nilikaa pale mpaka adhuhuri.

Jumapili, 18 Mei

Kila aliyeiona anauliza lini itawekewa moto. Bado. Boila nitaitengeneza ya shaba nyekundu, iliyolehemiwa kwa lehemu ya fedha inayohitaji joto la juu ya digrii 600. Ile ya risasi huyeyuka kwa digrii 183 hivi, na mvuke wa baa tatu peke yake una digrii 144. Maji yakishuka mara moja tu, viungo vinaachia. Na kabla ya moto itajazwa maji mpaka juu na kushindiliwa kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Maji hayabaniki, kwa hiyo kiungo kikishindwa kinatoa tone, hakirushi vipande. Nyumbani kuna watoto, na katika hili sitafupisha njia.

Jioni nilimpelekea Mzee injini pamoja na chupa ya upepo niliyojaziwa. Nilimwamkia, akaniambia niiweke juu ya kigoda. Ikazunguka mbele yake. Aliitazama kitambo, akaomba bisibisi ndefu. Akaweka ncha juu ya beringi ya krenki na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akahamisha ncha hadi kwenye vijiti vinavyoongoza fimbo ya pistoni. Akairudisha.

"Inagonga, mwanangu. Ikigeuka nyuma. Sikiliza."

Akanipa bisibisi. Kwa sikio tupu sikuwa nimesikia kitu. Kupitia chuma niliusikia: tiki, kila mwisho wa mwendo, mdogo kama saa ya mkononi.

Nimerudi nyumbani nikaifungua. Pini ya krenki ina 4.98, bushi ya konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, 5.05. Bushi mpya nitaikereza Jumamosi, alfajiri, na nitaiachia 0.02.